Sauti Ni ya Nani?



Muhula uliopita tulisoma saikolojia, na wiki mbili za kozi hiyo zilikuwa juu ya magonjwa ya akili. Swali moja la mtihani lilitaka tueleze nguvu na udhaifu wa nadharia za utambuzi katika kuieleza skizofrenia. Tulijibu, tukapata alama zetu, tukaendelea na mambo mengine. Tunalirudia hapa kwa sababu tangu siku ile jibu letu tumelitumia kwa mtu aliye hai, na tukamwumiza.

Mtu huyo ni kijana wa parokia tunakokwenda kwa kazi za kichungaji mwisho wa wiki. Yeye na mama yake wameturuhusu tuandike, bila jina. Alikuwa mpiga kinanda wa kwaya. Alipotimiza miaka ishirini na mmoja alianza kulalamika kwamba matangazo ya baada ya Komunyo yanamsema yeye, na kwamba anachowaza kinatoka nje kupitia spika za kanisa, watu wote wanakisikia. Baadaye ikaja sauti ya mwanamume, ikimtukana mama yake, kisha ikimtukana Bikira Maria. Akaacha kinanda. Akaacha kuoga. Familia ilizunguka naye kwenye maombi kwa miezi minane, ndani ya Kanisa na nje yake. Sisi wenyewe tumo katika hesabu ya miezi hiyo: tulimwekea mikono, tukamshauri asali rozari na apunguze mawazo.

“Apunguze mawazo.” Tukitazama maneno yetu ya kila siku tunaona kwamba Mswahili alikuwa na nadharia zake kabla ya vitabu. Neno wazimu limebeba mzimu ndani yake: kuna kitu kimeingia. Kurukwa na akili: kuna kitu kimetoka. Kuchanganyikiwa, ambalo ndilo neno la heshima zaidi na ndilo mama yake hulitumia: hakuna kilichoingia wala kutoka, ila vilivyomo vimevurugika. Hili la tatu tayari ni nadharia ya utambuzi. Hata Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi aliyeleta neno skizofrenia mwaka 1908, alikuwa akitafuta jambo la namna hiyo. Tunaosoma Kigiriki tunatambua kupasua na akili ndani ya neno hilo, na watu wengi wamedhani linasema juu ya mtu mmoja mwenye nafsi mbili. Sivyo. Bleuler alimaanisha kwamba nyuzi zinazounganisha wazo na wazo, wazo na hisia, zimelegea.

Si ugonjwa wa nadra. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 24 walikuwa wakiishi nao, karibu mtu 1 kati ya 300. Kwa hesabu hiyo parokia ya waamini elfu tatu inaweza kuwa na watu kumi. Tujiulize wako wapi siku ya Jumapili.

Sasa nadharia yenyewe. Saikolojia ya utambuzi huuliza akili inafanyaje kazi: inapokeaje habari, inazichujaje, inafikiaje uamuzi. Kwa skizofrenia jibu lililotugusa zaidi ni la Chris Frith, mwanasaikolojia wa London, katika kitabu chake cha mwaka 1992. Tuanze na jambo ambalo kila mtoto analijua. Waswahili husema mtu fulani anajitekenya na kucheka mwenyewe, na ni kejeli kwa kuwa haiwezekani. Kwa nini haiwezekani? Kwa sababu ubongo unapotuma amri kwa mkono, unajiwekea pia nakala ya amri hiyo, na kwa nakala hiyo unatabiri mguso utakaofuata. Mguso ukija kama ulivyotabiriwa, ubongo unaupunguza makali: huyu ni mimi, hakuna jipya. Akitekenya mwingine hakuna nakala, basi tunaruka.

Frith alisema huenda kazi hiyo ya kujifuatilia ndiyo inayoyumba katika skizofrenia. Sote tunasema kimyakimya ndani ya vichwa vyetu mchana kutwa. Ikiwa nakala ya amri haikufika, maneno yangu mwenyewe yatanifikia kama ya mgeni. Mwaka 2000 Sarah-Jayne Blakemore na wenzake, akiwamo Frith, walilijaribu jambo hili kwa mguso halisi: wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti, au waliohisi kwamba wanaendeshwa na nguvu ya nje, waliuhisi mguso wao wenyewe kwa ukali uleule wa mguso wa mtu mwingine. Watu wasio na dalili hizo waliuona wa kwao kuwa hafifu.

Tulipolisoma hili darasani mmoja wetu alikumbuka sura ya 29 ya kitabu cha pili cha Kupanda Mlima Karmeli. Mtakatifu Yohane wa Msalaba anaeleza pale kuhusu watu wanaozama katika kutafakari mpaka akili yao inajisemesha na kujijibu, nao wanadhani mwingine ndiye anayejibu, na wanatoka wakisema Mungu ameniambia hivi. Hakuwa akiandika juu ya wagonjwa. Alikuwa akiandika juu ya watu wa sala, yaani sisi. Lakini miaka mia nne kabla ya maabara ya London alikuwa amekwisha kuona kwamba mtu anaweza kusema na asijue kuwa ndiye anayesema. Ndiyo maana hatukubaliani na wenzetu wanaodhani nadharia hii imeletwa na wasioamini ili kufukuza roho katika ulimwengu. Mapokeo yetu yaliitazama sauti kwa jicho la shaka kabla ya saikolojia kuzaliwa.

Nguvu ya kwanza basi, na kwetu ndiyo kubwa: maelezo haya yanamfanya mgonjwa asikilizwe. Anayesema ana pepo anamsikiliza pepo. Anayesema kemikali za ubongo zimezidi hana haja kubwa ya kujua sauti inasema nini. Mtu wa utambuzi anauliza: inasema nini, saa ngapi, ulikuwa ukifanya nini, ulipoimba ilitokea nini? Tulipomwuliza kijana wetu swali hilo la mwisho alijibu mara moja, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Akiimba, sauti inanyamaza. Akinyamaza yeye, inarudi. Jambo hili linaingia vizuri katika nadharia, kwa kuwa anayeimba ameishika njia ileile ya usemi ambayo maneno ya ndani yangepitia, na limewahi kuchunguzwa: watafiti Bick na Kinsbourne waliandika mwaka 1987 kwamba baadhi ya wagonjwa waliambiwa tu wafungue kinywa wazi, na sauti zikapungua.

Nguvu nyingine ni kwamba nadharia hizi zinakubali kupimwa, na zikipimwa zinaweza kushindwa. Tuchukue mfano wa shanga. Kuna makopo mawili, kila moja lina shanga mia. La kwanza lina nyeusi 85 na nyeupe 15, la pili kinyume chake. Unatolewa shanga mojamoja kutoka kopo moja usilolijua, na unasema basi pale unapoona umelitambua. Watafiti wa Uingereza Huq, Garety na Hemsley waliona mwaka 1988 kwamba wagonjwa wenye zile dhana zisizoyumbishwa na ushahidi husimama mapema sana, mara nyingi baada ya shanga moja au mbili. Vitabu vyetu huziita dhana hizo imani potofu, jina ambalo kwa sikio la mseminari linasikika kama uzushi. Tungependa lipatikane jingine. Kutokana na jaribio hilo likaja wazo kwamba mgonjwa hurukia hitimisho: anayaona matangazo mawili yenye neno “kijana” na tayari ameamua.

Lakini tulifanya hesabu yenyewe ubaoni, na hapa udhaifu ukaanza kuonekana. Ukiona shanga mbili nyeusi mfululizo, uwezekano kwamba kopo ni la kwanza ni karibu asilimia 97. Asimamaye baada ya shanga mbili hajakosea hata kidogo. Kwa kanuni za hesabu, sisi wazima tunaoomba ya tano na ya sita ndio waoga kupita kiasi. Watafiti wenyewe waliliona hilo. Na tena, wako watu wazima wengi wanaorukia hitimisho. Tumekaa nao kwenye vikao vya jumuiya. Kwa nini wao hawaugui?

Hilo ndilo shimo la nadharia zote za aina hii. Zinaeleza sauti inavyosikika kuwa ya mgeni, hazielezi kwa nini imeanza kwa huyu, katika mwaka huu. Mtu akisema mgonjwa anasikia sauti kwa sababu kujifuatilia kwake kumeharibika, swali linalofuata ni kwa nini kumeharibika, na hapo inambidi aondoke kwenye saikolojia aende kwenye damu na mwili. Kwa pacha wanaofanana, mmoja akiugua, hatari ya mwenzake ni kubwa mara nyingi kuliko ya mtu wa kawaida. Hata hivyo katika jozi zaidi ya nusu huyo wa pili haugui. Urithi una neno lake, na si neno la mwisho. Dawa nayo ina lake. Tangu Delay na Deniker walipowapa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, klopromazini mwaka 1952, imejulikana kwamba kidonge kinaweza kupunguza sauti bila mtu yeyote kujadiliana nayo. Nadharia ya utambuzi peke yake haina la kusema juu ya kidonge. Wapo waliojaribu kujenga daraja: Shitij Kapur aliandika mwaka 2003 kwamba dopamini ndiyo inayovipa vitu uzito machoni petu, na ikimwagika ovyo, jambo lisilo na maana, kama tangazo la michango ya ujenzi, linaanza kung'aa na kumwita mtu kwa jina. Kati ya yote tuliyosoma, hili ndilo lililotusaidia zaidi kuelewa zile spika za kanisa.

Upo pia mzunguko usiopendeza. Tunajuaje kwamba mawazo ya mgonjwa yamevurugika? Kwa kuwa ana skizofrenia. Kwa nini ana skizofrenia? Kwa kuwa mawazo yake yamevurugika. Mwanafunzi wa mantiki wa mwaka wa kwanza angekamatwa kwa hoja hiyo.

Na ikiwa kujifuatilia kumeharibika, mbona si kila wazo linakuwa la mgeni? Kijana wetu anajua kabisa kwamba wazo la kutaka chai ni lake. Linalokuja kama la mgeni ni tusi, tena tusi kwa watu anaowapenda kuliko wote. Mashine iliyoharibika haichagui. Hapa tulifurahi kukutana na kazi ya Tanya Luhrmann, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake, iliyotoka mwaka 2015. Waliongea na wagonjwa ishirini California, ishirini Accra na ishirini Chennai. Wa California walizieleza sauti zao kama shambulio na kama ugonjwa, mara nyingi zenye ukatili. Wa Chennai wengi walisikia ndugu zao wakiwaagiza kazi za nyumbani. Accra wengi walimsikia Mungu, na nusu yao walisema kwa jumla sauti zao ni njema. Ugonjwa ni uleule, lakini sauti imejifunza lugha ya nyumba ilimokaa. Nadharia inayomtazama mtu kama kompyuta iliyojifungia chumbani itakosa hilo, na itakosa pia walichoonyesha kina George Brown huko Uingereza, kwamba mgonjwa anayerudi katika nyumba ya kulaumiwa na kukemewa huugua tena mapema zaidi.

Tiba iliyozaliwa na nadharia hizi, ya kuzungumza na mgonjwa na kuzipima dhana zake pamoja naye, Aaron Beck aliandika mfano wake tangu 1952. Uingereza leo inaipendekeza pamoja na dawa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2014 ulikuta kwamba inasaidia, ila kidogo, na kidogo zaidi pale mpimaji asipojua nani ametibiwa. Haidharauliki. Lakini asije mtu akatuambia inatosha, hasa kwetu ambako mwanasaikolojia ni wa kutafutwa kwa taa.

Tumefika kwenye kosa letu. Wiki moja baada ya mtihani tulimtembelea kijana nyumbani. Alikuwa amekwisha kuanza sindano za kila mwezi katika kliniki ya hospitali ya wilaya, kwa juhudi za mama yake na muuguzi mmoja mwanajumuiya, wala si kwa juhudi zetu. Alikuwa akiendelea vizuri. Mmoja wetu, kwa furaha ya mwanafunzi, akamwambia: “Usiogope, mdogo wangu. Hakuna pepo wala mtu. Ile sauti ni yako mwenyewe.”

Tulidhani tumempa habari njema. Mama yake alitupigia simu siku ya nne. Kijana hali chakula. Amekwenda kuungama mara tatu kwa mapadre wawili. Anasema hatakwenda tena kudungwa sindano, kwa sababu sindano ni ya wagonjwa na yeye amegundua kuwa si mgonjwa, ni mwovu. Kumbe sauti inayomtukana mama na Mama wa Mungu ni yake.

Hakuna kitabu chetu kilichotuonya kuhusu hilo. Anayeambiwa ana pepo angalau ana adui wa nje. Sisi tulimwondolea adui tukamwachia mzigo, na tukauita sayansi. Ni udhaifu wa nadharia, ndiyo, kwa kuwa inapenda kusema “ni mawazo yako” na haiwazi mtu mwenye dhamiri anasikia nini katika neno “yako”. Lakini zaidi ni udhaifu wetu, maana hatukuisoma mpaka mwisho. Frith hasemi kwamba mgonjwa anayataka maneno yale. Anasema kwamba kinachokosekana ni ile alama ya kutaka. Na Kanisa linafundisha kwamba dhambi ya mauti, pamoja na jambo zito, inahitaji ufahamu kamili na ridhaa ya makusudi. Neno lililopita kichwani bila mtu kulitaka, tena linalomchoma na kumliza, halina ridhaa ndani yake. Katekisimu na maabara zilikuwa zikisema jambo moja, na sisi tuliosomea zote mbili hatukuziunganisha.

Padre mlezi wetu alitusindikiza kurudi pale. Hakutumia nadharia yoyote. Alimwuliza: “Ukiisikia, unaipenda?” Kijana akasema hapana. “Basi si ya moyo wako. Ni ya ugonjwa wako. Mtu mwenye malaria hutetemeka kwa mwili wake mwenyewe, wala haungami kutetemeka.” Ilimchukua wiki kadhaa kurudi kliniki.

Kuna neno tunataka kuliacha kwa waseminari wenzetu hasa. Kwa wanaume ugonjwa huu huanza mara nyingi kati ya mwisho wa ujana na katikati ya miaka ya ishirini. Hebu tujihesabu umri. Kanuni ya 1041 inasema kwamba mwenye ugonjwa wa akili ambaye, baada ya wataalamu kuulizwa, anaonekana hafai kutimiza huduma ipasavyo, ana kizuizi cha kupokea daraja. Tunaijua kanuni hiyo, na kwa sababu tunaijua, anayeanza kusikia sauti bwenini ana kila sababu ya kunyamaza mpaka hali iharibike. Wengine watasema kunyamaza ni bora kuliko kupoteza wito. Hatukubali. Kanuni inataka wataalamu waulizwe. Haisemi mtu ahukumiwe na walio kitanda cha jirani. Hata kuhusu mapepo Katekisimu inadai ihakikishwe kwanza kwamba si ugonjwa, na kanuni ya 1172 haimruhusu padre yeyote kupunga pepo rasmi bila idhini ya wazi ya askofu wa mahali. Miezi minane ya mwanzo ya kijana wetu ilipita juu ya kanuni zote hizo, na katika sisi tuliomwekea mikono hakuna aliyezitaja.

Dalili moja hakuna nadharia iliyotusaidia nayo: ule ukimya, kukaa kitandani, kutotaka lolote. Frith alijaribu kuueleza kama kushindwa kwa nia kuzaa tendo. Jirani zake wanauita uvivu. Dawa nayo haijaugusa sana. Kinanda bado hakigusi.

Ila amerudi kwaya, sauti ya nne. Mazoezi ni Jumamosi saa kumi. Anasema tangu anapofungua kinywa mpaka wimbo unapokwisha kuna amani, kisha sauti humngoja njiani kurudi nyumbani, na siku hizi humwambia “subiri” kwa hasira kidogo, kama anavyomwambia mdogo wake. Kliniki ni Alhamisi ya pili ya kila mwezi. Foleni huanza kabla ya saa moja asubuhi, na daladala ni mbili, kwa hiyo tumepanga zamu ya kumsindikiza. Mwezi huu ni zamu ya yule aliyemwambia sauti ni yake.